Kifungio cha Bastola Ndogo

Jambo hili nililipata katika likizo ya Desemba nyumbani kwetu Matombo, wala sikulitafuta. Babu yetu mmoja, mjomba wake mama, alikuwa amefariki. Ujanani alikuwa karani katika shamba la mkonge hapa hapa Mazimbu, miaka mingi kabla ya mwaka 1977, Serikali yetu ilipowapa wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini ardhi hii, nao wakajenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Tangu mwaka 1992 majengo yale ni mali ya Taifa letu, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Kwa desturi yetu Waluguru vitu vya marehemu vilimwangukia mjomba wangu. Kabla hajafika, sisi vijana tuliagizwa kutoa masanduku yapigwe jua. Katika sanduku moja la bati, chini ya makoti na madaftari ya hesabu za mkonge, tulikuta bastola iliyofungwa katika kitambaa cha mafuta. Ilikuwa ndogo hata kiganja kingeweza kuificha.

Binamu yangu aliishika kwanza. Alisukuma kishikizo kilicho chini ya mpini, magazini ikatoka, nayo ilikuwa tupu. Akajaribu kuvuta bamba la juu, likakataa kabisa. "Imekwisha kwa kutu," akasema, akamwelekezea mdogo wangu ili amtishe kidogo.

Hapo akatokea mjomba, ambaye alistaafu katika Polisi akiwa sajini. Hakupiga kelele. Alisema polepole, "Mwanangu, geuza mdomo wake kwenye ule udongo, kisha weka chini." Akaiokota mwenyewe, akaangalia kiwiko kidogo kilicho upande wa kushoto, akakishusha kwa kidole gumba, akavuta bamba. Risasi ikaruka na kuangukia mkekani. Binamu yangu alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu, na mdogo wangu akaanza kulia, ingawa nadhani hakujua sababu.

Jioni ile mjomba alituchorea kwa mkaa juu ya boksi, nami nitajaribu kueleza kama nilivyofahamu.

Ndani ya bastola ya namna hii mna pini ya chuma, na nyuma yake springi. Bamba likivutwa nyuma, pini hurudi pamoja nalo na springi hubanwa. Bamba likirejea mbele husukuma risasi kutoka katika magazini na kuiingiza katika chemba, lakini pini haifuati, kwani imenaswa na jino dogo. Hukaa hapo kama mtego wa panya uliotegwa. Mtu akivuta kifyatulio, utepe wa chuma hulisukuma lile jino, nalo huachia. Pini huruka mbele, hugonga fataki iliyo katika kitako cha risasi, na baruti huwaka.

Basi, kazi ya kifungio ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kiwiko kikipandishwa, mhimili wake hugeuka ndani na kulizuia lile jino lisiondoke mahali pake. Wakati huo huo ncha yake huingia katika pengo lililokatwa kwenye bamba, na bamba halivutiki tena. Angalieni kwamba pini bado imevutwa na springi bado imebanwa. Kifungio hakikutegua mtego, kimeuzuia tu. Kile alichokiona binamu yangu kuwa kutu kilikuwa kifungio kikifanya kazi yake, na mjomba alisema kwamba kwake yeye bamba lililofungwa ni dalili ya hatari, maana katika bastola nyingi za namna hii kiwiko hakipandi mpaka pini iwe imevutwa.

Na ile magazini tupu je? Hapa ndipo wengi hupotea. Magazini ikitoka, risasi iliyokwisha kuingia katika chemba hubaki pale pale. Ubaya mwingine ni kwamba mtu hawezi kuvuta bamba ili aichungulie chemba bila kwanza kushusha kifungio, yaani lazima aondoe kinga ndipo ajue kama kuna hatari.

Bastola hizi zilibuniwa na Mmarekani, John Browning, zikatengenezwa Ubelgiji tangu mwaka 1906. Za mwanzo hazikuwa na kiwiko cha kidole gumba. Zilikuwa na kipande nyuma ya mpini ambacho ni lazima kibanwe na kiganja ndipo jino liachie. Kinga hiyo inafaa bastola ikiwa mfukoni. Mkononi mwa mtoto haina maana, kwa kuwa akiikamata tu amekwisha kukibana. Wajerumani walikuja na njia nyingine mwaka 1929 katika bastola ya Walther: kiwiko kikishushwa huifungia pini yenyewe, kisha nyundo hulala bila kuigonga. Mimi naona hiyo ni akili zaidi, kwani mtego huteguliwa kweli, ingawa risasi bado imo chembani.

Mjomba aliongeza kwamba kiwiko huchakaa, na kwamba husogea kwa kusuguana na nguo hata mwenyewe asijue.

Binamu yangu aliomba tuiweke kuwa kumbukumbu ya babu. Mjomba alimjibu kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na silaha bila leseni, hata ikiwa ya urithi. Alfajiri alipanda gari la kwanza la Morogoro kwenda kuikabidhi kituoni. Bastola aliifunga katika kile kitambaa chake cha mafuta. Ile risasi moja aliifunga katika leso, akaitia katika mfuko wa upande wa pili.