Mtoto Ananyonya Usiku na Mchana: Je, Maziwa Yamekwisha?

Mama, mtoto wako alizaliwa vizuri. Alikuwa ananyonya, analala, na wewe ulipata nafasi ya kutwanga sombe. Sasa amefika majuma sita, na tangu jana ameanza mambo mengine. Unamnyonyesha, unamlaza, na kabla maji hayajachemka amelia tena. Usiku ni vile vile. Ukigusa ziwa unalikuta laini, halijai kama siku za kwanza. Mama mkwe anatazama, anasema: "Huyu mtoto iko na njaa. Maziwa yako imekauka. Mpe uji."

Ngoja kwanza, mama. Usiweke sufuria motoni.

Mtoto hakui sawasawa kila siku kama vile watu wengi wanafikiri. Anaweza kukaa siku nyingi bila kurefuka, halafu anarefuka kwa mara moja. Mwaka 1992 huko Marekani, Michelle Lampl na wenzake walieleza namna walivyopima urefu wa watoto wachanga mara kwa mara. Waliona mtoto anaweza kurefuka nusu sentimeta, hata zaidi, kwa siku moja tu, baada ya siku nyingi za kukaa vile vile. Nusu sentimeta kwa mtu mdogo namna ile si kitu kidogo. Mwili wake unadai chakula.

Wamama wengi wanaona siku hizi za njaa kubwa karibu na juma la pili au la tatu, tena juma la sita, tena mwezi wa tatu. Usizihesabu kama siku za soko. Kila mtoto ana wakati wake. Zinakaa siku mbili au tatu, mara nyingine juma zima, halafu mtoto anatulia.

Juma la sita linaleta matata mengine, sababu ndilo juma la kuleta mtoto kwa chanjo. Mtoto anapata sindano, kesho yake anataka ziwa kila saa, na mama anasema sindano imemharibu. Ni kweli chanjo inaweza kuleta homa ndogo ya siku moja au mbili. Lakini njaa ile mara nyingi ni ya kukua tu, ingekuja hata bila sindano. Basi usiache kurudi kwa chanjo ya juma la kumi na ya juma la kumi na nne.

Sasa tuseme juu ya maziwa. Ziwa si mtungi unaojazwa asubuhi na kuwa mtupu jioni. Ni kama chemchemi: ukichota, maji yanakuja. Mtoto akinyonya, mwili wa mama unapata habari kwamba maziwa yanatakiwa, na unatengeneza mengine. Maziwa yakibaki ndani, mwili unapunguza kazi. Kwa hiyo mtoto anayenyonya bila kuchoka hamalizi maziwa yako, anayaita. Mpe siku mbili tatu na utaona. Na ziwa laini si ziwa kavu. Baada ya majuma ya kwanza maziwa ya wamama wengi hayajai tena mpaka kuuma, sababu mwili umekwisha kujua kiasi cha mtoto.

Ukimpa uji siku ile, tumbo linajaa, mtoto analala. Mama mkwe anafurahi. Lakini amelala bila kunyonya, na ziwa halikuitwa. Kesho maziwa yanapungua kidogo, unaongeza uji, na kesho kutwa yanapungua tena. Namna hiyo maziwa yanakauka kweli, na uji ndio uliyakausha. Tena uji na maji ya mto vinaleta kuhara, na kuhara kunaua mtoto mchanga upesi. Maji ya sukari ni vile vile. Zamani waganga walikubali chakula kingine tangu mwezi wa nne. Tangu mwaka 2001 OMS inasema miezi sita kamili maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, hata wakati wa jua kali. Sehemu kubwa ya maziwa yako ni maji tayari. Na dawa ya majani ya kumwingizia mtoto kwa nyuma, tafadhali, acha kabisa.

Siku zile mnyonyeshe kila mara anapoomba, ziwa moja mpaka aliache mwenyewe, halafu la pili. Usiku mlaze karibu nawe. Wewe kunywa maji kila unapoona kiu, na ongeza sahani: wali, sombe na mafuta ya mawese, maharagi, samaki kama wapo. Pombe haileti maziwa.

Ni rahisi sisi kwenye kliniki kukuambia upumzike. Tunajua ndege wa mpunga hawangoji. Lakini usimwache mtoto nyumbani na dada yake mdogo mpaka jioni. Mbebe kwa kikwembe uende naye shambani, ukae kivulini umnyonyeshe. Na bwana yako asikie maneno haya: kuchota maji siku tatu hakutamvunja mgongo.

Utajuaje kama maziwa yanatosha? Mtoto anakojoa mara sita au zaidi mchana na usiku, na mkojo ni mweupe. Akiwa macho anatazama, anacheza. Mizani inasema wazi zaidi: katika miezi mitatu ya kwanza watoto wengi wanaongeza gramu 150 au 200 kila juma. Leta fishi yake, tutazame mstari pamoja na mama mkwe, akitaka kuja.

Mtoto anayekua analitafuta ziwa kwa nguvu. Mtoto mgonjwa analikataa, au ananyonya kwa unyonge. Mwili ukiwa moto au baridi kuliko desturi, akipumua mbio mbio, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akikojoa kidogo sana, utosi ukibonyea, au akilala na humwamshi, hiyo si njaa ya kukua. Mlete siku ile ile, hata usiku, usingoje siku ya kupima. Na njiani uendelee kumpa ziwa.