Mtoto Aandikwe Pale Alipozaliwa

Sheria inayosimamia uandikishaji wa vizazi na vifo nchini Kenya, yaani Sura ya 149, ilianza kutumika mwaka 1928. Ilitungwa na serikali ya kikoloni, na haikuenea nchi nzima ila mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo imetiwa viraka mara kadhaa, lakini mshono wake wa asili ungali uleule: mzazi ndiye amwendee karani, si karani amwendee mzazi. Kwa mkaazi wa mjini huo ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa mkaazi wa Kiwayu, Ndau au Kiunga ni safari ya baharini, nauli, na pengine kulala ugenini.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Mtoto akizaliwa hospitalini, wauguzi hujaza karatasi ya arifa. Akizaliwa nyumbani, jukumu hilo ni la naibu wa chifu. Mzazi amepewa muda wa miezi sita. Ukipita muda huo huhesabiwa kuwa amechelewa, na hudaiwa ada na ushahidi zaidi. Hata hivyo, kuandikishwa ni jambo moja na kupata cheti ni jambo jingine. Cheti huombwa peke yake na hulipiwa peke yake, na siku hizi maombi hupitia mtandao wa eCitizen. Wako wanaodhani kwamba kwa hatua hiyo tumekwisha kuwa wa kisasa. La hasha! Fomu imetoka kwenye karatasi ikahamia kwenye kioo cha simu, lakini masharti ni yaleyale. Na pale ambapo mtandao haushiki, mtu hulazimika kupanda boti ili akajaziwe fomu hiyo na mwingine.

Sheria hii haikuyatazama maisha ya watu wetu. Katika visiwa vya Lamu mzazi hukaa ndani siku arubaini. Mtoto hupewa jina siku ya saba, ilhali karatasi ya hospitali huweza kujazwa siku ya kwanza au ya pili, kabla wazee hawajaafikiana. Baba, akiwa mvuvi, huenda yuko dagoni msimu mzima. Miezi sita huyeyuka upesi. Na katika vijiji vya Waboni bara, kama Basuba, Milimani na Mangai, huduma za zahanati zilivurugika kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ukosefu wa usalama uliofuata mashambulizi ya mwaka 2014. Palipokosekana muuguzi, palikosekana pia mwandishi wa kwanza wa mtoto.

Msomaji huenda akauliza: kuna hasara gani, maadamu mtoto yu hai na anajulikana na jamaa zake? Hasara huja baadaye. Mfumo wa NEMIS, ulioanzishwa na Wizara ya Elimu mwaka 2017, ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa kwa kila mwanafunzi, na shule nyingi zikajikuta na watoto waliomo darasani lakini hawamo kwenye hesabu. Mtoto huyohuyo afikapo miaka 18 huenda kutafuta kitambulisho, ambacho wazee wetu hukiita kipande. Hapo ndipo Mbajuni hugundua kwamba historia imemtangulia. Mwaka 1925 Jubaland ilitolewa kwa Italia, na mpaka ukapita katikati ya watu wa lugha moja na ukoo mmoja, kutoka Kiunga hadi Kismayu. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwahamisha wengi kutoka vijiji vya bara. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi waliingia Lamu, na kila mwenye lafudhi ya Kitikuu akatiliwa shaka. Vijana wakawa wanapigwa msasa na kamati, wakiulizwa majina ya babu zao kana kwamba babu ni hati.

Mnamo Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mipakani. Ni jambo la kupongezwa. Lakini tangazo huweza kuondoa kamati. Haliwezi kumpa mtu karatasi ambayo haikuandikwa alipozaliwa.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kwa hivyo sina budi kusema neno kuhusu majina. Mtu wa Lamu hana jina la ukoo kwa maana inayokusudiwa na fomu. Ana jina lake, la babake na la babu yake. Tuseme mtoto anaitwa Bakari Athman Shee. Babake ni Athman Shee Bwanaheri. Kwetu majina haya yanaonyesha nasaba bila utata; kwa mashine inayolinganisha jina la mwisho la mtoto na la baba, hawa ni watu wawili wasiohusiana. Ongeza tahajia: mtu mmoja ni Athman kwenye kipande, Uthman kwenye cheti cha ndoa, Athumani shuleni. Hata mahali pa kuzaliwa pana matata: Faza wenyewe huiita Rasini, na Tchundwa huandikwa kwa namna tatu au nne. Tofauti ya herufi moja ambayo sikio halihisi huweza kumrudisha mtu nyuma, akaape mbele ya wakili kwamba yeye ndiye yeye.

Liko pia suala la jina la baba. Kifungu cha 12 kilizuia jina hilo kuandikwa kwa mtoto wa nje ya ndoa mpaka wazazi wote wawili waombe pamoja, au uwepo ushahidi wa ndoa. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, ambayo katika ibara ya 53 humpa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Baadhi ya Waislamu walikuwa na wasiwasi juu ya nasaba, na wasiwasi huo una msingi katika fikihi. Lakini daftari la serikali halirithishi wala halihalalishi ndoa. Linasema tu ni nani aliyemleta mtoto duniani, na ni nani apaswaye kumlisha.

Majirani zetu Tanzania walianza mwaka 2013, mkoani Mbeya, mpango wa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto huandikishwa zahanati au katika ofisi ya kata, habari hutumwa kwa simu, na mzazi huondoka na cheti mkononi siku ileile bila malipo. Hicho ndicho kisasa: hatua zimepungua.

Wapo watakaosema kwamba tukilegeza masharti, wageni watajipenyeza. Hoja hii yafaa ijibiwe. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Ushahidi wa kuzaliwa nao una ubichi wake: wiki ya kwanza mkunga yupo, majirani wapo, kitoto kinalia. Baada ya miaka 18 hubaki maneno ya watu, na maneno hununulika. Udanganyifu hupata mwanya katika maandikisho yaliyochelewa.

Basi sheria mpya ifanye mambo manne. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa simu za kazi mwaka 2023, waruhusiwe kuandikisha mtoto nyumbani kwao kabla ya arubaini kwisha. Cheti cha kwanza kiwe bure na kitoke pamoja na uandikishaji. Fomu iwe pia kwa Kiswahili, ambacho Katiba imekifanya lugha rasmi, na ikubali jina la mtoto, la baba na la babu kama yalivyo. Makosa ya tahajia yasahihishwe na karani wa karibu, bila kiapo wala ada.

Mtoto wa Kizingitini hakuchagua kuzaliwa ng'ambo ya maji. Serikali inayoweza kumfikia kwa sanduku la kura kila miaka mitano haishindwi kumfikia kwa kalamu mara moja tu.