Je, Jua Laweza Kuipoza Motokaa?

Mji wa Ifakara umo katika bonde la Kilombero, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Ni nchi ya mpunga, ya maji mengi na ya joto zito. Kabla ya Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, wasafiri waendao Mahenge walingoja kivuko ukingoni mwa mto Kilombero, na aliyengoja ndani ya motokaa alijua maana ya kuokwa. Siku hizi mto huvukwa kwa daraja, lakini motokaa zingali zikiegeshwa juani sokoni, hospitalini na shuleni. Je, jua hilohilo liipashalo motokaa moto laweza kutumiwa kuipoza?

Swali hili si la ndotoni. Mwaka 2009 kampuni ya Toyota ya Japani ilitoa kizazi cha tatu cha motokaa iitwayo Prius. Hiyo ni motokaa ya haibridi, yaani injini yake ya petroli husaidiana na mota ya umeme yenye betri kubwa. Baadhi yake ziliwekewa juu ya paa bamba la seli za jua lenye uwezo wa wati 60 hivi. Motokaa ikiegeshwa juani, umeme wa bamba huzungusha feni, nayo feni hutoa hewa ya moto na kuingiza hewa ya nje.

Tuanze na chanzo cha joto lenyewe. Nuru ya jua hupenya vioo kwa urahisi, ikavipasha moto viti na dashibodi. Vitu hivyo navyo hutoa mionzi ya joto isiyoonekana, ambayo kioo hakiipitishi. Tena hewa iliyopata joto haina pa kutokea. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2005 vilionyesha kwamba joto la ndani hupanda kwa nyuzi 22 za Sentigredi hivi katika muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika dakika 30 za mwanzo. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukusaidia sana.

Sasa tufanye hesabu. Jua la adhuhuri huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita mraba. Tuseme wati 1,000 zinaingia kupitia vioo. Feni yetu ipitishe kilo 0.05 za hewa kwa sekunde, yaani lita 40 na ushei. Ili kupandisha joto la kilo moja ya hewa kwa nyuzi 1, zahitajika jouli 1,000 hivi. Ikiwa ndani ni nyuzi 54 na nje ni 34, tofauti ni nyuzi 20:

0.05 × 1,000 × 20 = wati 1,000.

Feni inayokula makumi machache tu ya wati imeondoa wati 1,000 za joto! Lakini msomaji asifurahi upesi. Tofauti ikishuka hadi nyuzi 10, feni huondoa wati 500 tu. Tofauti ikiwa sifuri, haiondoi kitu. Hivyo feni hupunguza ukali wa joto, ila haiwezi kamwe kuishusha hewa ya ndani chini ya ile ya nje.

Kushuka chini ya hapo ni kazi ya kiyoyozi, na kiyoyozi cha motokaa iliyookwa juani chaweza kutaka zaidi ya wati 1,000 za umeme. Katika Prius umeme huo hutoka katika betri kubwa. Hata bamba la wati 180, lililowekwa katika aina mpya ya Prius nchini Japani mwaka 2017 ili kuijaza betri hiyo, halifikii kiasi hicho.

Nilipokuwa masomoni ughaibuni, katika nchi ya baridi, wenyeji walitafuta mahali penye jua pa kuegesha. Sisi tuna mwembe. Kivuli chake huzizuia zile wati 1,000 kabla hazijafika kwenye kioo, wala hakihitaji betri. Bamba la jua ni msaidizi mwema wa kivuli, si badala yake.

Jambo hili si la starehe tu. Mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima, na dawa nyingi huharibika zikikaa kwenye joto kali. Mtoto asiachwe ndani ya motokaa iliyofungwa hata kwa dakika chache, iwe na feni ya jua au isiwe nayo.

Walimu waweza kulithibitisha hili darasani. Chukueni maboksi matatu yanayolingana, yenye vifuniko vya kioo, na vipimajoto vitatu. La kwanza liwekwe juani likiwa limefungwa. La pili juani likiwa na matundu juu na chini. La tatu, lililofungwa, chini ya mti. Andikeni joto kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa, kisha chora grafu. Mistari hiyo mitatu itawaeleza wanafunzi kazi ya feni, na kazi ya mwembe.