Tarakimu Tatu Nyuma ya Kadi Yako

Mkamuaji wa alizeti mjini Singida anayehitaji kipuri kutoka nje ya nchi anaweza kukilipia kwa kadi ya benki bila kuondoka dukani kwake. Wepesi huo ndio pia mwanya wa mwizi. Katika malipo ya mtandaoni haiibiwi kadi, bali zinaibiwa namba zake. Kadi yaweza kuwa mfukoni mwako Manyoni huku fedha zako zikitumika kwingine.

Namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu za nyuma huonekana kwa yeyote anayeishika kadi au kuipiga picha. Baadhi ya tovuti hutoza fedha kwa taarifa hizo pekee. Nyingine husubiri namba ya uthibitisho ambayo benki huituma kwenye simu yako. Namba hiyo ni sawa na saini yako: kabla ya kuiingiza, soma kiasi na jina la muuzaji katika ujumbe huo. Visipolingana na ununuzi wako, acha.

Kumbuka pia kwamba taarifa hizo hutumika kukutoza, si kukulipa. "Mnunuzi" wa vitunguu au asali anayeomba tarakimu za nyuma ya kadi, au namba ya uthibitisho, ili "akutumie malipo" ni tapeli.

Tunamshauri mtumiaji:

• Kuandika mwenyewe anwani ya tovuti badala ya kufuata kiungo alichotumiwa. Alama ya kufuli huonyesha kuwa mawasiliano yamefichwa; haithibitishi uaminifu wa muuzaji.
• Kutenga akaunti yenye kadi ya manunuzi ya mtandaoni, na kuweka humo kiasi cha ununuzi tu.
• Kutotuma picha ya kadi kwa mtu yeyote, wala kuhifadhi namba zake kwenye simu au kompyuta ya kuazima.
• Kujiunga na huduma ya benki ya kupokea taarifa za kila muamala.

Ukiona muamala usioutambua, piga simu benki papo hapo kadi ifungwe. Kisha wasilisha malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na utoe taarifa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu huu kuwa jinai. Ujumbe wa kitapeli uwasilishe kwa namba 15040. Usiporidhishwa na majibu ya benki yako, peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania.