Kutabiri au Kukadiria? Istilahi za Udhibiti wa Mota kwa Mfano wa Pampu za Balambala

1. Utangulizi

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mota ya umeme inavyoweza kuongozwa kwa hesabu zinazotangulia tendo, na kupima istilahi za Kiswahili zinazofaa kuibeba maana hiyo. Mfano wetu ni Balambala, katika Kaunti ya Garissa, eneo kame ambalo kilimo chake hufuata ukingo wa mto Tana. Katika mashamba ya mto huo, ndizi, maembe na matikiti hutegemea maji yanayovutwa kwa pampu, na kwa miaka mingi pampu hizo zimeendeshwa kwa injini za dizeli. Lakini jua la Garissa ni mali pia: kituo cha umeme wa jua chenye uwezo wa megawati 50 kilizinduliwa huko Desemba 2019. Mkulima anayeiacha dizeli na kushika jua hupokea vitu vitatu: paneli, mota, na sanduku la elektroniki lililo kati yake. Sanduku hilo ndilo lenye hoja yetu.

2. Mota na jina lake

Mota tunayoizungumzia ina sehemu kuu mbili: stata, isiyosogea, na rota, izungukayo. Nyaya za stata hupewa mikondo mitatu ya umeme geu inayopishana kwa zamu, nayo huzaa uga wa sumaku unaozunguka. Rota haikuunganishwa na waya wowote wa nje. Uga unapoipita, mkondo huzuka ndani yake, na mkondo huo huifanya rota iufuate uga. Galileo Ferraris wa Italia na Nikola Tesla, kila mmoja kwa upande wake, waliitangaza kanuni hii mwaka 1888.

Rota huufuata uga bila kuufikia. Kwa umeme wa hezi 50 na mota ya ncha nne, uga huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota pungufu kidogo, tuseme 1,440. Lau ingeufikia, mkondo wake ungekoma na nguvu ingetoweka.

Tuiiteje? Kitenzi kuchochea kingefaa, kwa kuwa moto huchochewa. Lakini nomino yake, uchochezi, imekwisha kushikwa na siasa na mahakama. Kitenzi kuamsha chaeleza vizuri zaidi: mkondo haukuletwa kwa waya, umeamshwa papo hapo. Twapendekeza mota ya mwamsho.

3. Kigeuzi na ngazi zake

Paneli hutoa mkondo mnyoofu, ilhali mota yataka mkondo geu. Kazi ya kugeuza hufanywa na kigeuzi, ambacho transista zake hufunga na kufungua njia za umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kigeuzi pia huamua kasi. Wingu likifunika jua, hezi hupunguzwa na mota hupunguza mwendo badala ya kusimama. Faida yake ni kubwa: mahali ambapo maji hayapandishwi juu sana, pampu iliyoshushwa hadi asilimia 80 ya mwendo wake huhitaji karibu nusu tu ya nguvu, na maji huendelea kutoka.

Katika kigeuzi sahili kila moja ya nyaya tatu za mota huunganishwa ama juu ama chini, na hivyo kuna hali 8 tu za swichi. Mwaka 1981 Nabae, Takahashi na Akagi wa Japani walieleza kigeuzi kinachoongeza ngazi ya katikati. Hapo hali huwa 27. Ngazi zikiwa tano, huwa 125. Umeme hupanda na kushuka kwa hatua fupi, hukaribia zaidi umbo la wimbi, na hauzichoshi sana nyaya za mota. Pampu ndogo ya shamba hutosheka na ngazi mbili; ngazi nyingi zina kazi katika mota kubwa za volti za juu, kama za migodi na za vituo vikuu vya kusukuma maji. Neno ngazi lafaa kuliko daraja, kwani daraja huenda likamfanya msomaji afikirie cheo, au kivuko cha mto.

4. Hesabu kabla ya tendo

Njia ya zamani ya udhibiti hungoja kosa litokee, kisha hulisahihisha. Njia mpya hutangulia. Katika kila kipande kidogo cha muda, tuseme sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, kidhibiti hupima mkondo na mwendo wa mota. Kisha huchukua kila mojawapo ya zile hali 8, au 27, na kukokotoa: nikiifunga swichi hii na kuifungua ile, mkondo utakuwaje baada ya kipande hiki? Kila jibu hupewa alama za hasara kwa kadiri linavyoachana na lengo. Hali yenye hasara ndogo kuliko zote ndiyo inayotumiwa, mara moja tu, kisha hesabu huanza upya.

Mcheza bao hufanya vivyo hivyo. Huzipitia kete zote anazoweza kucheza, huhesabu kila moja itamfikisha wapi, hucheza moja, na mwenzake akisha kujibu hufikiri tena.

Mbinu hii ilikulia katika viwanda vya kemikali na mafuta, ambako mambo huenda polepole na hesabu huwa na nafasi. Richalet na wenzake wa Ufaransa waliitangaza mwaka 1978. Kuileta kwenye vigeuzi kulihitaji kompyuta ndogo zenye kasi. Makala ya Rodríguez na wenzake wa Chile ya mwaka 2007 ni mojawapo ya zile zilizoieneza. Hata hivyo, pampu nyingi za shambani bado huongozwa kwa njia nyepesi zaidi.

5. Kutabiri, kubashiri, kukadiria

Tunafika sasa kwenye neno lenyewe. Kutabiri kwa asili ni kufasiri ndoto na nyota. Kweli, utabiri wa hali ya hewa umelizoesha neno hili kazi ya sayansi, lakini msikilizaji bado hulipokea kama habari ya mambo yajayo, itimie au isitimie. Kubashiri hubeba mwangwi wa bishara, yaani habari njema. Yote mawili humweleza mtu anayejua, hayaulizi amejuaje.

Kukadiria huuliza. Hakuna kadirio lisilo na vipimo, na hapa ndipo istilahi inapogusa mfuko wa mkulima. Kidhibiti hukokotoa kwa takwimu za mota zilizowekwa ndani yake: ukinzani wa nyaya, nguvu ya uga na kadhalika. Mota ikiungua, fundi huifunga nyaya upya. Akitumia waya wa unene mwingine, au akibadili idadi ya mizunguko, mota si ile tena, ilhali kidhibiti kingali na takwimu za kale. Makadirio yake hupotoka, mota hupata joto, na huenda ikaungua mara ya pili. Aliyeambiwa kwamba sanduku lake hutabiri ataliamini au atalilaumu. Aliyeambiwa kwamba hukadiria ana sababu ya kumwuliza fundi: je, umebadili takwimu?

6. Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba Kiswahili chaweza kuieleza sayansi kwa mpango. Kazi iliyobaki ni ya kila fani mpya. Twapendekeza mota ya mwamsho, kigeuzi cha ngazi nyingi, na udhibiti wa kukadiria mbele. Istilahi hizi si fupi kuliko nyingine, wala hazidai kuwa za mwisho. Lakini kila moja humwambia mtumiaji kitu hufanyaje kazi, na kwa mtu aliye shambani na pampu iliyozimika, hilo ndilo la kwanza kujua.