Ukoo wa Herschel na Elimu ya Falaki (2): John katika Rasi

Juma lililopita tulimsimulia William Herschel, mwanamuziki wa Hanover aliyehamia Uingereza, na mwaka 1781 akaivumbua sayari ya Uranus kwa darubini aliyoiunda mwenyewe. Mwanawe wa pekee, John, aliyezaliwa Slough mwaka 1792, ijapokuwa alishika nafasi ya kwanza katika hisabati huko Cambridge, hakuwa na hamu kubwa ya nyota. Alipenda kemia, akajaribu na sharia, wala hakuishika kazi ya nyumbani ila baba yake alipokwisha dhoofika kwa uzee.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya taabu. Kioo cha darubini zile kilikuwa cha shaba na bati zilizoyeyushwa pamoja, kikasuguliwa hata kikametameta, nacho hakikawii kufifia kwa unyevu wa hewa. Kwa hiyo John alipofunga safari ya Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1833, pamoja na mkewe na watoto, alichukua vioo vitatu na mtambo wa kuving'arishia, ili kimoja kikichujuka kingine kishike zamu. Kilichompeleka ni ile sehemu ya mbingu za kusini ambayo baba yake, kwa kukaa Uingereza, hakupata kuiona kamwe.

Wengi humsifu baba na mwana wakamsahau shangazi, na mimi naona hiyo ni dhuluma. Caroline, aliyevumbua nyota za mkia nane, alirejea Hanover baada ya kufa nduguye, na huko, umri umepindukia miaka sabini, akaipanga upya orodha ya mawingu ya nyota yapatayo 2,500 aliyoyaona William, sehemu kwa sehemu ya mbingu, mpwawe apate kuyahakiki bila ya kupapasa.

Katika shamba la Feldhausen, chini ya Mlima wa Meza, John alikesha miaka minne, akihesabu nyota 68,948 katika mahali 2,299 mbalimbali pa mbingu. Na Disemba 1837 akaiona Eta Carinae, nyota aliyoizoea, imezidi nuru ghafla. Kuyatengeneza hayo yote kitabu kulimchukua miaka tisa mingine. Kilipotoka mwaka 1847 nakala ilimfikia Caroline, naye ana miaka 97. Habari za kemia ya John, na jinsi ilivyofaa katika kudumisha picha, tutazieleza juma lijalo, inshallah.