Timu ya Afrika Mashariki ilikuwa ya nani?

Uganda ilipoishinda Papua New Guinea kule Guyana, Juni 2024, katika Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20, watu wengi mjini walishangaa. Kumbe Waganda nao wanacheza kriketi! Wiki hii nimeona nieleze jambo ambalo vijana wengi hawakusimuliwa. Eneo letu lilikuwamo katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Juni 1975 huko Uingereza. Wala haikuwa Kenya, Uganda au Tanzania. Iliyocheza iliitwa Afrika Mashariki.

Timu hiyo ilikuwa chini ya chombo kilichoundwa mwaka 1951, wakati nchi zetu zikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Baadaye Zambia nayo ikaingia, ingawa kwenye ramani ya shuleni haimo katika Afrika Mashariki. Mwaka 1966 timu ikapokewa katika baraza la kriketi la dunia kama mwanachama mshiriki. Afrika Kusini ilikuwa imefungiwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, hivyo waandaaji wa mwaka 1975 walizialika timu mbili kukamilisha nane: Sri Lanka na sisi.

Walisafiri wachezaji 14. Saba walitoka Kenya, akiwamo nahodha Harilal Shah. Watatu walitoka Zambia, wawili Uganda, na wawili Tanzania: Praful Mehta, aliyesimama nyuma ya wiketi kama mdakaji, na Shiraz Sumar. Soma orodha hiyo taratibu. Frasat Ali, Zulfiqar Ali, Jawahir Shah, Ramesh Sethi, Parbhu Nana, Yunus Badat. Wapo Wazungu wawili, Don Pringle na Hamish McLeod. Wenye asili ya Kiafrika katika timu ya nchi nne ni wawili tu, John Nagenda na Sam Walusimbi, na wote ni Waganda.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu halina uhusiano wowote na kipaji. Kriketi haichezwi popote kama kandanda, ambayo mtoto anaweza kuicheza uchochoroni kwa mpira wa matambara. Inataka uwanja mpana, nyasi zilizotunzwa, vifaa vya gharama, na siku nzima isiyo na kazi. Wakati wa ukoloni viwanja vilikuwa vya klabu, na klabu zilikuwa za rangi na jumuiya. Nchini Kenya, mashindano ya Maofisa dhidi ya Walowezi yalianza mwaka 1910. Wahindi nao wakajenga klabu zao, Waislamu kwao, Wahindu kwao. Mwafrika aliingia uwanjani kukata nyasi, au kuokota mipira iliyovuka mpaka.

Uganda ilikuwa na tofauti kidogo. Huko mchezo uliingia pia katika shule za bweni za Waafrika, kama Budo, na mtoto wa Kiganda akakuta gongo na uwanja shuleni kwake. Ndiyo maana wale wawili wametoka huko. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, na klabu za Kampala zikapoteza wachezaji wao wengi kwa mkupuo mmoja.

Matokeo ya Uingereza hayakupendeza. New Zealand ilipata mikimbio 309, na katika hiyo Glenn Turner peke yake 171 bila kutolewa. Sisi tulipata 128, Frasat Ali akichangia 45. India ilitutoa wote kwa 120, kisha ikamaliza kazi bila kupoteza wiketi hata moja. Siku hiyo Bishan Bedi alirusha ova 12 akatoa mikimbio sita tu. Uingereza nayo ilitufunga kwa tofauti ya mikimbio 196. Mechi tatu, ushindi hakuna. Hawa walikuwa watu wa kazi na biashara zao, wakipambana na wanaolipwa kucheza, na mimi siwacheki.

Wageni wenzetu, Sri Lanka, nao walipoteza mechi zao zote tatu. Lakini ilikuwa nchi moja, na kriketi yake ilikuwa imeota mizizi mashuleni. Mwaka 1996 Sri Lanka ilitwaa Kombe la Dunia. Miaka 21 tu!

Na sisi je? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, lakini timu ya kriketi ikaendelea kuvaa jina lile. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nao Aprili 11, 1979. Wiki chache baadaye timu iliyoitwa Afrika Mashariki ilikuwa Uingereza tena, kwenye mashindano ya ICC. Siasa ilishindwa kutuunganisha, jina la timu likabaki.

Kenya ilijitoa mwaka 1981. Nadhani ilifanya sawa kwa upande wake. Vijana wa Kiafrika wa Nairobi walianza kuingia katika klabu zile zile za zamani, na Februari 29, 1996 huko Pune, India, Kenya chini ya Maurice Odumbe iliwatoa West Indies kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Waliobaki, Uganda, Tanzania na Zambia, walijiunga na Malawi mwaka 1989 kwa jina la Afrika Mashariki na Kati. Timu hiyo nayo ikafa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila nchi ikashika njia yake.

Turudi Guyana. Katika kikosi cha Uganda alikuwamo Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43. Dhidi ya Papua New Guinea alirusha ova nne, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Mwaka 1997, akiwa kijana wa miaka 16, alikwenda Malaysia kwenye mashindano ya ICC, na jezi aliyovaa ilikuwa ya Afrika Mashariki na Kati.